Nilivyojifunza kumtambua bata-maji wa Iceland kati ya ndugu zake

Msimu wangu wa kwanza wa baridi pale Ouse Washes, bonde linalofurika maji mashariki mwa Uingereza, bata-maji wote kwangu walikuwa kitu kimoja: ndege mweupe, shingo ndefu, basi. Ukifungua daftari langu la Novemba utakuta mstari uleule unajirudia: “bata-maji, wengi”. Kumbe majini pale walikuwepo wa aina tatu.

Nilianza na ukubwa, na hapo nikapoteza wiki kadhaa. Ni kweli bata-maji wa Iceland, ambaye wataalamu humwita Cygnus cygnus, ana kilo 8 hadi 11, na mdogo wake, bata-maji wa Bewick anayetoka kaskazini kabisa mwa Urusi, ana kama kilo 6. Lakini ndege akiwa peke yake katikati ya maji utampima na nini? Siku moja, ndani ya kibanda cha kutazamia ndege, nikawatangazia wote kwamba nimemwona Bewick. Mzee aliyekaa kando yangu akachungulia darubini yangu, akacheka kidogo, akaniambia niachane na mwili, nitazame tundu la pua.

Nikatazama. Kwa bata-maji wa Iceland, njano ya mdomo huanzia karibu na jicho, ikashuka kama kabari, ikalipita tundu la pua na kuchongoka kuelekea ncha nyeusi ya mdomo. Njano ya Bewick hukomea juu, ina ukingo wa mviringo au mraba, kana kwamba mpaka rangi alighairi katikati ya kazi. Tena haifanani kwa ndege wawili. Ndiyo maana Peter Scott, mtaalamu wa ndege na mchoraji, kule kwenye hifadhi ya Slimbridge, magharibi mwa Uingereza, kuanzia 1964 aliweza kuchora nyuso zao na kumpa kila mmoja jina lake.

Bata-maji bubu hakunisumbua: mdomo wa rangi ya chungwa, kinundu cheusi kwenye paji, shingo iliyopinda. Wa Iceland huisimamisha yake kama mlingoti. Hilo jina la bubu, kwa maoni yangu, ni la uonevu, maana akiruka mabawa yake huvuma ukamsikia kabla hujamwona.

Alfajiri rangi hazionekani, na ndipo wanapoondoka kwenda mashambani kutafuta mabaki ya viazisukari. Hapo nikajifunza kufumba macho. Wa Iceland hulia kama tarumbeta, milio miwili mitatu mizito mfululizo. Sauti ya Bewick ni laini na ya juu zaidi.

Vijana ndio walionitoa jasho. Ni wa kijivu, na mdomo wao umepauka, njano bado. Mwishowe nikaacha kuwakodolea wao, nikawa natafuta wazazi. Mwaka wa kwanza mtoto huvuka bahari kutoka Iceland pamoja na baba na mama, na hukaa nao baridi yote. Ukiwajua wazazi, mtoto umeshampata.

Jioni moja ya Februari kundi likarejea kulala. Nikapita mdomo mmoja mmoja, darubini ikitetemeka kwa baridi ya vidole vyangu, nikaandika: wa Iceland 64, bubu 5, Bewick 2. Hao wawili niliwarudia mara nne. Mzee hakuwepo siku hiyo wa kunithibitishia. Nikaandika kwa wino hivyo hivyo.