Mkwaruzo wa breki kwenye lori la jeshi

Wiki nzima nilijifanya sisikii. Lori langu kuukuu la jeshi, nililolinunua mnadani, kila likishuka kutoka Bugando lilikwaruza kama mtu anayeburuta sufuria juu ya mawe. Na mawe Mwanza hatuna uhaba nayo.

Utingo wangu akasema, "Mzee, hiyo beringi." Nikabisha. Beringi mbovu huunguruma hata usipogusa breki. Hii ilipiga kelele nikikanyaga pedali tu. Tulipofika Kirumba kupakia dagaa nikasogeza kiganja karibu na kila dramu (ngoma ya chuma ya breki inayozunguka na gurudumu), bila kugusa. Nyuma kushoto joto lilikuwa la jiko la mkaa.

Tukakinga matairi kwa mawe, tukapiga jeki, tukaweka na magogo chini ya ekseli (jeki peke yake siiamini hata kidogo). Dramu ikagoma kutoka mpaka tulipolegeza shuu, vile vipande vya breki vinavyoibana dramu kwa ndani. Ndani, shuu zimelika hadi ribiti (vipini vya chuma vinavyoshika bitana ya shuu), na ribiti zimechora mifereji kwenye chuma. Hapo msasa hausaidii. Nikaagiza shuu za kushoto na kulia pamoja, lori lisije likavuta upande, na dramu ikaenda Nyakato kuchongwa.

Dagaa wangu waliondoka na lori la jirani.