Kodi bila posho

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe wa sauti kutoka Jinja. Ni binti wa waliokuwa jirani zetu kwenye kambi ya jeshi. Mama yake na mama yangu walipanga foleni ya maji kwenye bomba moja miaka na miaka. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma kompyuta, na likizo ndefu inakaribia. Amepata pa kufanyia intanshipu, Kampala. "Dada, hawalipi, lakini wanasema nitapata uzoefu. Halafu natakiwa kutoa laki moja na nusu ya mafunzo. Niende?"

Nilirekodi jibu la dakika nne, nikalisikiliza, nikalifuta. Lilijaa hasira, na hasira yenyewe haimhusu yeye. Ni ya 2019, ni yangu, kwa hiyo naiandika hapa badala ya kumwangushia mtoto wa watu.

Nilimaliza mitihani ya mwisho Makerere Mei 2019. Juni nikaingia kwenye kampuni ndogo ya programu Ntinda, Kampala, nyumba ya kupanga yenye meza tano na mbwa mmoja getini. Jina sitaji. Siku ya usaili mwenye kampuni alizungumza Kiingereza saa nzima, nami nikaokota neno moja tu la kunifaa: alisema Ijumaa kuna posho. Sasa mimi nimekulia kwenye Kiswahili. Baba ni Mlugbara wa Arua, mama ni Mtooro, hakuna aliyekijua cha mwenzake, na Kiswahili cha jeshi ndicho kilichowaozesha. Kwangu posho ni pesa kidogo anayopewa mtu ajikimu. Nilitoka pale nimeshapiga hesabu ya posho nne kwa mwezi. Ijumaa ya kwanza ilipofika, mama mmoja aliingia na sufuria mbili: posho ya Uganda, yaani ugali, na maharage. Nilikula. Ulikuwa mtamu, sitasema uongo.

Neno la pili lililonitia matatani ni kodi. Sisi tunaoandika programu tukichoka kusema "msimbo", yale maandishi yanayoiamrisha kompyuta (code), tunasema "kodi", na kila mtu chumbani anaelewa. Mama hakuwa chumbani. Nilimwambia kwenye simu, "Mama, siku hizi naandika kodi, huku upande wa Nakawa." Nakawa ndipo lilipo jengo la URA, mamlaka ya mapato, lile refu lililofunguliwa mwaka ule ule. Kufikia jioni safu nzima ya nyumba kambini ilijua kwamba binti yake yuko mamlaka ya mapato. Nilijaribu kusahihisha mara mbili, nikaona nachafua furaha ya mtu bure. Kila asubuhi nikishuka teksi, yaani daladala, kituo cha Spear, jengo lile linanitazama, nami naliinamishia kichwa kama mfanyakazi mtoro.

Nilikaa kwa shangazi Bweyogerere. Teksi kwenda na kurudi ilinila shilingi 3,000. Mchana kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage, 1,500. Na juu yake shilingi 200 za OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018, maana bosi alitoa kazi zote kupitia WhatsApp, na bila kulipa 200 ya siku WhatsApp haikufunguka. Wenzangu walitumia VPN kuikwepa, lakini VPN ilimaliza bando langu kabla ya saa nne. Kwa hiyo nililipa ili niamrishwe. Jumla 4,700 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, 103,400. Shangazi ndiye aliyetoa. Anauza nguo za mitumba, na kila asubuhi aliniwekea noti chini ya kikombe cha chai bila kusema kitu. Angesema ingekuwa afadhali.

Tulikubaliana miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nilibadilisha picha kwenye tovuti za wateja. Mwezi wa pili kaka aliyekuwa akinielekeza alipata kazi kwingine, akaondoka Jumatano, na Alhamisi mfumo wake wa kukusanya ada za shule ukawa wangu. Lugha ya PHP, hifadhidata ya MySQL, na faili moja lenye mistari elfu tatu lililoitwa "mpya2_mwisho". Nikisema hapo nilijifunza, ni kweli nilijifunza. Nilijifunza kama anavyojifunza kuogelea mtu aliyetupwa Nile.

Septemba, nikingoja kuambiwa kuhusu mkataba, ikatoka habari kwamba Andela, kampuni ya kufundisha waprogramu na kuwakodisha, iliyokuwa Kampala kwa miaka miwili hivi, inawaachisha kazi waprogramu wachanga wapatao 250 wa Nigeria na Uganda. Sababu waliyotoa ni kwamba soko linawataka wazoefu. Bosi aliisoma ile habari kwa sauti, akaitia simu mfukoni, akanitazama kwa upole. Hakuhitaji kuongeza neno. Mjini kulikuwa kumemwagika vijana waliofundishwa vizuri kunishinda, nao wanatafuta. "Tuone mradi huu ukiisha," akasema. Mradi haukuisha. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa tisa. Mahafali yangu yalifanyika Januari 2020, na Jumatatu iliyofuata nikarudi kwenye meza ile ile.

Februari mteja mmoja akalalamika kwamba ankara zikivuka ukurasa wa kwanza, jumla haionekani. Sehemu ya ankara nilikuwa nimeiandika mimi, na kampuni nayo iliitumia kwa ankara zake yenyewe. Nikamwomba karani anitumie moja iliyoharibika niijaribu. Akanitumia iliyokuwa karibu. Nilitafuta kosa kwa saa nzima bila kusoma maneno, unajua namna macho yanavyoona visanduku tu. Mstari wa jumla nilikuwa nimeufungia ndani ya kimo cha ukurasa mmoja, na kilichozidi kilikatwa. Nikarekebisha, nikachapisha upya, nikashuka na macho hadi chini kuhakikisha jumla imetokea.

Ilikuwa imetokea. Utengenezaji wa mfumo wa ada, 15,000,000. Mafunzo kwa watumiaji, 2,000,000. Hayo ni yale ya siku mbili niliyoyafundisha mimi Mukono, nauli nikiahidiwa kurudishiwa. Vitu vingine vidogo vidogo, vikafika milioni 20. Chini yake kodi ya VAT, asilimia 18, shilingi 3,600,000. Jumla 23,600,000.

Nilikaa naitazama ile milioni tatu na laki sita. Mama hakukosea sana. Nilikuwa nimeifanyia kazi mamlaka ya mapato miezi tisa, na yenyewe ilikuwa imelipwa.

Sikugombana na mtu. Nilipeleka marekebisho, nikamwambia karani iko tayari, na Ijumaa, baada ya posho, nikaaga. Bosi alishangaa kweli kweli, akaniuliza nani atashika mfumo wa ada. Huwa namfikiria bila chuki. Alikuwa na kodi ya nyumba, na wateja wanaolipa baada ya miezi minane. Lakini kwa mafundi wa vyuma kule Katwe, kijana anayejifunza kuchomelea sijamwona akijinunulia chakula cha mchana. Fundi anamlisha. Sisi wenye laptopu tumeshindwa hata na hilo.

Machi ikaja korona, teksi zikasimamishwa, nikawa Jinja chumbani kwa mama nikihesabu yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla. Nikajaribu Google Summer of Code, inayolipa vijana kufanya kazi kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, tangu 2005. Wakati ule ilikuwa ya wanafunzi tu, nami nilikuwa nimehitimu miezi miwili kabla. (Tangu 2022 wamefungua kwa anayeanza yeyote aliyefikisha miaka 18. Mdogo wangu, umesikia?) Nikajaribu Outreachy, intanshipu za programu huria ambazo siku hizi hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, unafanyia kazi nyumbani kwenu. Sikuchaguliwa. Ila Outreachy haikuombi vyeti kwanza. Inakutaka uchangie kitu kwenye mradi wakati wa kuomba. Mchango wangu ulikuwa mistari 11. Kisanduku cha namba ya simu kilikataa namba zinazoanza na 256, yaani za Uganda, nami nikakifundisha kuzikubali.

Mistari 11 ikapata maoni 14. Mtu nisiyemjua, wala sijui yuko nchi gani, aliuliza mtu akiacha nafasi katikati ya tarakimu itakuwaje. Akauliza kwa nini nimeliandika jambo lile lile mara mbili. Akauliza jaribio liko wapi. Siku mbili sikumjibu, nilikuwa nimenuna. Siku ya tatu nikarudi kusoma, nikaona kwamba katika miezi tisa ya Ntinda hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusoma nilichoandika. Waliangalia kama kinafanya kazi. Kusoma hawakusoma. Nikaandika upya mara tatu hadi kikapokelewa.

2021 niliitwa usaili wa kazi niliyo nayo sasa. Msimamizi aliufungua ule ukurasa wa maoni 14, tukauzungumza dakika arobaini: kwa nini nilibadili mawazo pale, kwa nini nilibisha hapa. Kuhusu Ntinda aliuliza swali moja tu: msimbo wenyewe anaweza kuuona? Hakuweza. Ni wa kampuni, uko kwenye mashine yao.

Mshahara wa kwanza nilimtumia mama laki mbili kwa simu. Akapiga hapo hapo. "Nilijua tu serikali italipa," akasema.

Sasa nami napokea wanafunzi, wawili kila mwaka. Mwanzoni mkuu wangu hakuona haja ya kuwapa chochote. Wanaotaka kuja bure wamejaa, akasema. Nikamwambia anayekuja bure analetwa na gari la baba yake, na kwamba mimi nililetwa na mitumba ya shangazi. Tukaafikiana 10,000 kwa siku, nauli na chakula. Si mshahara, na sioni fahari kuitaja. Ila nafasi hazikupungua, na walioomba kutoka Bweyogerere waliongezeka. Kwa mwaka huu nimeshawapata wawili, ndiyo maana siwezi kumwambia mdogo wangu njoo kwangu, na hilo limenikosesha usingizi kuliko mengine yote.

Maana siwezi pia kumwambia akae nyumbani achangie programu huria. Chuo kinataka barua, msimamizi na mhuri. Bila mhuri hana alama. Wenye kampuni wanalijua hilo vizuri sana, na ndipo laki na nusu inapozaliwa.

Basi nikamwandikia hivi. Laki na nusu usitoe. Anayekuuzia mafunzo ana duka, na duka halikupi mhuri wa kazi. Waambie wakuandikie tarehe ya kumaliza, kwenye karatasi, kabla hujaanza. Uliza jina la mtu atakayesoma msimbo wako kila wiki, kisha uombe kuonana naye, hata dakika tano. Ukimpata mtu huyo na tarehe hiyo, wiki nane bila mshahara ningezivumilia, nauli nitakusaidia. Usipompata, tutafute mahali pengine, kuna mashirika ya afya yanayotumia UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, na hiyo imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika hapo jirani Eldoret 2006. Hata ukichelewa kupata nafasi, msimbo wa OpenMRS uko wazi usiku huu huu.

Jana jioni akajibu, kwa maandishi safari hii.

"Dada nimewauliza nani atasoma msimbo wangu. Wamesema aliyekuwa anasoma ameacha kazi wiki jana. Kwa kuwa mimi niko mwaka wa pili na wengine ni wa kwanza, nitakuwa nawasomea wenzangu. Na ile pesa wamepunguza, iwe laki moja."