Briza ya tangi la buti: tumbo la mpira limeondoka, harufu imekwisha

Harufu imekwisha! Tangi limejaa, gari limeshinda juani vioo vikiwa vimefungwa, na jioni nilipofungua mlango sikusikia petroli hata kidogo. Mliohamishia tangi la mbio kwenye buti, lile lenye mfuko laini na sponji ndani yake, mnaijua raha hiyo. Kazi ya kulifunga sisimulii: fremu, mikanda ya chuma, bati la kutenga buti na abiria, waya wa ethi kutoka shingo ya kujazia hadi kwenye bodi, yote hayo mnayajua. Leo ni briza tu, yaani njia ambayo tangi linapumulia, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Dalili zilikuwa mbili, na zilionekana kupingana. Gari likiegeshwa juani, mdomo wa briza chini ya sakafu unatema petroli. Si mvuke, ni petroli yenyewe, matone. Kisha nikiendesha mwendo mrefu na kufungua kifuniko, hewa inavutwa kwenda ndani, fyuuu, na geji inasoma robo ilhali nina uhakika mafuta yako nusu. Tangi lilelile linatapika, na lilelile linakosa pumzi.

Lawama ya kwanza ilikwenda kwa valvu ya kupinduka, ile yenye gololi inayoziba njia gari likilala ubavu au likigeuka juu chini. Kila mtu huilaumu. Nikaifungua, nikaiosha, nikapuliza hewa nyepesi: ikiwa wima inapitisha pande zote mbili, ikigeuzwa inaziba kabisa. Nikaiinamisha kidogo kidogo kutafuta mahali inapokwama, haikukwama. Nikabadilisha na nyingine mpya hata hivyo, kwa hasira tu. Hali ileile. Ile ya zamani nimeiweka kabatini, haina kosa lolote.

Siri ilitoka siku nilipokata kipande cha mpira wa briza na kuunganisha mahali pake bomba linaloonyesha ndani. La majaribio tu, tena gari likiwa nje mahali penye hewa. Usiendeshe na kitu kama hicho. Bawaba ya mlango wa buti inaulazimisha mpira ushuke kabla ya kuvuka kwenda upande wa pili, na baada ya joto la wiki chache mpira ulikuwa umelegea zaidi, ukafanya tumbo. Ndani ya tumbo hilo petroli ilikuwa imetulia kama maji kwenye kiwiko cha sinki. Inafikaje pale? Kwenye kona kali mafuta yanapanda hadi kwenye valvu na mengine yanapita kabla gololi haijasogea. Usiku tangi likipoa, mvuke uliomo kwenye mpira nao unageuka kuwa mafuta na kuteremka palepale.

Hapo dalili zote mbili zikaeleweka. Petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo lita 50 zikipanda nyuzi 20 zinataka nafasi ya lita moja zaidi, achilia mbali mvuke. Shinikizo linasukuma kilichomo tumboni, kinatokea nje kwa matone. Na injini ikinywa nusu lita kwa dakika, nusu lita ya hewa inapaswa kuingia tangini kwa dakika hiyohiyo, lakini njia imezibwa na petroli. Nilifikiri kimo cha sentimita 15 za mafuta tumboni hakiwezi kufanya kitu. Nikapiga hesabu: ni shinikizo la kama kilopaskali moja. Inaonekana ndogo, ila sehemu ya juu ya mfuko wa tangi langu ina eneo la kama robo mita ya mraba, kwa hiyo ni sawa na kuikandamiza kwa uzito wa zaidi ya kilo 25. Mfuko unaingia ndani, sponji inabanwa, kiboya cha geji kinaegemea sponji na kuanza kusema uongo. Na mimi nilikuwa tayari nimeitukana geji!

Njia mpya ni hii. Kutoka kwenye valvu, bomba linapanda tu, bila kushuka hata kidogo, hadi kona ya juu kushoto. Hicho ndicho kilele. Kutoka hapo linavuka kwenda kulia likiteremka kidogo, kisha linashuka moja kwa moja kupitia sakafuni. Tone lolote lililo kabla ya kilele linarudi tangini, lililo baada yake linatoka nje, hakuna mahali pa kulala. Gari likilala upande wowote, kuna kona moja ya bomba iliyo juu kuliko mafuta. Likigeuka juu chini, gololi ndiyo inabaki kuwa mlinzi pekee, ndiyo maana siungi mkono wanaoiondoa wakidai kuzungusha mpira kunatosha.

Kwenye sehemu ya kuvuka nimetumia bomba la alumini la nusu inchi, kwa sababu alumini hailegei. Kikunjio cha mkono, kile cha bei rahisi chenye gurudumu dogo, kimefanya kazi safi kuliko nilivyotarajia. Kibaya chake ni kwamba hakikunji karibu na ncha, kwa hiyo anza na bomba refu kisha ukate. Mipira ya kusukwa kwa nyaya sasa naitaka ile yenye Tefloni ndani tu. Ile yenye raba ya kawaida hupitisha harufu hata kama hakuna tone linalovuja, na mtu anaweza kukaza viungio mpaka viharibike akitafuta mvujo usiokuwepo. Kuikata ni adha nyingine: grainda yenye jiwe jembamba, tepu ngumu juu yake, na bado nyaya zitakuchoma vidole.

Mdomo wa nje nao umehama. Mwanzo ulikuwa nyuma ya tairi la kushoto, upande wa ekzosi, na upepo unaojizungusha nyuma ya gari ulikuwa ukirudisha mvuke ndani kupitia matundu ya nyaya za taa. Sasa uko kulia, mbali na ekzosi, umekatwa mshazari kuelekea nyuma, na matundu yote ya buti yana raba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi au zaidi, unatambaa chini na kukaa mashimoni, kwa hiyo bado siegeshi gari hili kwenye banda lililofungwa.

Nilipanga leo nipime geji upya, lita kwa lita. Sijaigusa. Nimetoa kopo la mkaa, lile linalonasa mvuke wa petroli, kwenye gari bovu na sasa siwazi kingine. Magari mapya Marekani yalianza kulazimika kunasa mvuke huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sioni kwa nini langu liumwage barabarani. Shida ni kwamba mkaa ukishajaa lazima injini iuvute uwe mkavu tena, na kamshafti yangu, mhimili unaofungua valvu za injini, inaacha vakyumu (mvuto wa hewa) hafifu sana injini ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Labda niifungue valvu ya kuvutia mvuke huo gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida tu, kupitia kompyuta ya injini; ina waya mmoja wa kutolea amri ambao bado hauna kazi. Na kopo litakaa juu, karibu na kilele, kwa sababu petroli ya maji ikiingia kwenye mkaa, kopo limekufa.