Kikombe cha bati kwenye jokofu la chanjo

"Mama, nikizungusha mpaka saba si itaganda haraka?"

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa amesimama mbele ya friji, mlango wazi, juisi ya ukwaju mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kwenye kigurudumu cha baridi. Nilimfokea kwa sauti ambayo hakuistahili. Ndani ya friji hiyo kulikuwa na nyanya, maziwa na kiporo cha wali.

Lile jokofu la chanjo la utotoni mwangu, Msumbiji, halikuwa na namba. Lilikuwa la mafuta ya taa, jeupe, limeota kutu miguuni, na lilikaa sebuleni kwetu kwa sababu paa la zahanati lilikuwa bado na matundu ya vita. Mwaka 1995 amani ilikuwa haijatimiza miaka mitatu, watu wanarudi kutoka ukimbizini Malawi, na dayosisi ikawatuma wazazi wangu, tabibu na mkunga, kutoka Mbamba Bay kwenda kwenye kijiji cha upande wa pili wa mpaka, kando ya Ziwa Nyasa, kilichotazamana na kisiwa cha Likoma. Wageni wakiliona waliomba maji baridi. Baba aliwajibu kwamba jokofu si letu, sisi ndio tunaishi kwake.

Na kweli tuliishi kwa masharti yake. Lisimame sentimita 30 kutoka ukutani lipate kupumua. Lisimame sawasawa kabisa, maana kimiminika cha ndani kinarudi chini kwa uzito wake tu, na likiinama kidogo mzunguko unakwama. Mafuta yachujwe kwa kitambaa, kwa kuwa tone la maji linatosha kuufanya moto uruke na kuzima. Utambi ufutwe makaa yake na usawazishwe, la sivyo moto unageuka wa njano, masizi yanajaa kwenye bomba la moshi, na baridi inakwisha huku mafuta yanaendelea kuungua. Moto mzuri ni wa bluu. Lilikula karibu lita moja kwa siku, na siku mafuta yalipopungua, taa yetu ya kusomea ndiyo iliyozimwa kwanza.

Kitu kilichonishangaza utotoni ni kwamba ukiongeza moto, baridi inaongezeka. Moto unachemsha maji yenye amonia kwenye mabomba ya nyuma, gesi inapanda, inapoa, inageuka kimiminika, kisha ikivukiza tena inafyonza joto la ndani. Halina mota. Na lile letu halikuwa na cha kujizima likishapoa vya kutosha. Anayelizuia ni mtu na kigurudumu cha utambi: mchana wa joto unapandisha kidogo, usiku wa baridi unateremsha. Baba alifungua mlango mara mbili tu kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, akasoma kipimajoto na kuandika daftarini. Kati ya nyuzi 2 na 8. Chini kabisa zilipangwa chupa za maji, zishike ubaridi mlango ukifunguliwa.

Rafiki yangu wa pale hakuwa amewahi kushika barafu. Nilimwahidi.

Ilikuwa mwezi wa sita, Mwera, upepo wa kusini, unavuma ziwani na usiku wenyewe una baridi ya kutosha. Baba alipomaliza kusoma jioni na kutoka kwenda kumwona mgonjwa, nilipenyeza kikombe cha bati chenye maji katikati ya vipakiti vya barafu. Kisha nikainama, nikapandisha utambi. Kidogo tu. Nia yangu ilikuwa kuamka kabla yake.

Nilipoamka nilimkuta mezani. Kipimajoto kilikuwa kimesoma 2 chini ya sifuri. Mbele yake vilikuwepo vichupa 14 vya DPT, chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, kila kimoja dozi 10, na pembeni kikombe changu, barafu imevimba juu ya ukingo. Hakusema kitu. Alinivutia kiti.

Surua na polio hazikumtia wasiwasi, hizo hata zikiganda hazina neno. DPT ikiganda, chembe zake zinashikana na haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Alichukua kichupa kimoja cha nyuma kilichokuwa jiwe, akakiacha kiyeyuke chenyewe bila kukipasha moto. Hicho ndicho cha kulinganishia, na lazima kiwe cha kiwanda kilekile na toleo lilelile. Halafu akachukua cha katikati, ambacho kwa macho hakikuwa na kasoro. Akavishika viwili pamoja mkono mmoja, akavitikisa kwa nguvu, akavisimamisha mezani mbele ya dirisha. Vyote vilikuwa kama maji ya mchele.

Nusu saa. Mama alisimama mlangoni na kitenge begani. Nje wanawake walishaanza kufika, ilikuwa siku ya kliniki, wengine walikuwa wametembea tangu usiku. Katika kile kilichoganda vipande vyeupe vilianza kushuka, na juu yake maji yakabaki safi. Nikawa naomba cha pili kibaki na ukungu wake. Kikombe kilikuwa kinatoka jasho, duara la maji linatanuka mezani, Baba akasogeza daftari lisilowane. Cha pili nacho kikaanza kushuka, kwa mwendo uleule.

Vya mbele, vilivyokuwa mbali na bomba la baridi, vilibaki na ukungu. Vikapona vitano. Tisa vikatengwa. Dozi 50 ziliisha mapema. Waliobaki Mama aliwapimia watoto uzito, akawapa polio na surua waliostahili, akawaambia *bweraninso*, rudini tena. Chanjo nyingine ilifika kwa boti kutoka Metangula baada ya wiki tatu. Sijui ni wangapi waliorudi.

Daftarini Baba aliandika: "Baridi ya usiku." Kikombe alikuwa amekiona. Maji ya kikombe hayagandishi chanjo, hilo alilijua kuliko mimi. Habari ya utambi hakuuliza, nami sikusema.

Jumamosi hiyo jioni nilimpigia Baba simu, yuko Mbinga. Baada ya shikamoo na habari za kahawa nikamwambia, baada ya miaka yote hii, kwamba ule utambi niliupandisha mimi.

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Kiasi gani?"

"Robo mzunguko, Baba. Labda nusu."

"Utambi ule ulikuwa mpya," akasema. "Niliubadilisha jioni ileile, kabla ya kutoka. Utambi mpya moto wake huwa unapanda wenyewe kadiri chuma kinavyoshika joto. Unatakiwa uurudie baada ya nusu saa uuteremshe. Mimi nilikuwa kwa mgonjwa."

Kisha akauliza kama juisi ya mjukuu wake imeganda.