Kishale Kwenye Kona ya Folda

Mwezi wa Julai mwaka 2014 nilikuwa nikifundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari ya bweni karibu na mji wa Arua nchini Uganda, ambako Kiswahili husikika sokoni na stendi ya mabasi sawa na Kilugbara. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta 18 za mezani, zote za msaada kutoka Uingereza, na wanafunzi zaidi ya 200 walizitumia kwa zamu. Usiku wa kuamkia mtihani wa majaribio wa vitendo, msichana mmoja wa kidato cha sita alinijia akiwa ameishika flashi yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Kazi zangu zote zimebaki kilobaiti mbili."

Nilipoichomeka flashi hiyo kwenye mashine iliyokuwa mbele yangu, folda zake zilionekana zipo kama kawaida, kila moja na jina lake, ila kwenye kona ya chini kushoto ya kila picha ya folda palikuwa na kishale kidogo ambacho mtu asiyeangalia kwa makini hawezi kukiona. Hizo hazikuwa folda bali njia za mkato, yaani faili ndogo sana zinazokuelekeza tu kwenye kitu kingine, zilizotengenezwa na kirusi cha kompyuta, ambacho kilikuwa kimezificha folda za kweli na kuweka hizo mahali pake. Ukibofya, kirusi kinaamka kwanza, kisha kinakufungulia folda yako halisi, nawe unaendelea na kazi bila kushuku lolote huku mashine imekwisha kuambukizwa, tayari kuiambukiza flashi ya mwanafunzi atakayekaa hapo baada yako. Niliikagua kompyuta ya pili, ya tatu, ya nne. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimezikuta 14 zikiwa na ugonjwa huo huo.

Lazima niseme wazi kwamba mlango nilikuwa nimeuacha wazi mimi mwenyewe. Kompyuta zile zilitumia mfumo endeshi wa Windows XP, ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili mwaka huo huo, na kwa kuwa maabara haikuwa na intaneti, hata sasisho la mwaka 2011 lililozuia programu kujiendesha zenyewe kutoka kwenye flashi halikuwahi kutufikia. Kubwa zaidi ni kwamba kila mwanafunzi aliingia kwa akaunti ya msimamizi, yenye uwezo wa kubadilisha chochote kwenye mashine. Niliiacha hivyo kwa sababu programu yetu ya zamani ya kujifunza kuchapa ilikataa kufanya kazi kwenye akaunti yenye mipaka, nami nikaona ni nafuu kubandika karatasi ukutani: "Ni marufuku kuweka programu yoyote." Karatasi haimzuii mtu ambaye mashine yenyewe imemruhusu.

Tulikesha, mimi na mwalimu wa hisabati, kwa umeme wa jenereta. Faili za wanafunzi hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa zimefichwa tu, na amri moja fupi, attrib, iliyoandikwa kwenye dirisha jeusi la maandishi, ilizirudisha flashi moja baada ya nyingine. Msichana yule alipoiona folda yake ya majedwali imerudi bila kishale, alikaa chini akalia, na mwalimu mwenzangu akamwambia kwa upole, "Pole, mwanangu. Nenda ukalale, kesho una kazi."

Asubuhi, kabla ya kengele, kijana wa kidato cha tano alinisubiri mlangoni. Alikiri kwamba siku tisa kabla alikuwa ameweka kwenye kompyuta tatu programu ya kuchezea video, iliyovunjwa leseni, aliyonakiliwa katika duka la nyimbo mjini. Nilikuwa nimejiandaa kumpeleka kwa mkuu wa shule. Nilimuuliza kwanza alitaka kutazama nini, akanijibu kwamba kaka yake aliyekuwa Kampala alimtumia masomo ya video ya baiolojia, na kompyuta zetu zilikataa kuyafungua. Kijana alikuwa na haja ya haki kabisa, na shule haikuwa imempa njia yoyote ya kuieleza. Jambo hilo liliniuma kuliko kirusi chenyewe.

Mtihani ulifanyika kwa mashine tulizokuwa tumezisafisha. Wiki iliyofuata nilizifuta zote 18 na kuanza upya. Wanafunzi walipewa akaunti yenye mipaka, ile programu ya kuchapa nikaitengenezea ruhusa ya kuandika kwenye folda yake peke yake, na BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ikawekewa nenosiri ili mtu asiweze kuiwasha mashine kwa CD yake. Kisha niliweka ndani ya Windows sera, yaani kanuni ambayo mashine yenyewe huisimamia, inayoruhusu kuendesha programu zilizo ndani ya folda mbili tu, ile ya Windows na ile ya Program Files, ambazo kwa kawaida akaunti ya mwanafunzi haina uwezo wa kuandika ndani yake. Kwa hiyo, ukiacha folda ile ya programu ya kuchapa, penye kuandikika hapaendesheki, na panapoendesheka hapaandikiki. Siku ya kwanza sera hiyo iliua hata njia za mkato halali zilizokuwa kwenye skrini, mpaka nilipoiondoa aina hiyo ya faili kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Nilipoteza mchana mzima kuligundua hilo.

Ile karatasi ya marufuku niliibandua. Mahali pake nilitundika daftari kwa uzi, lenye safu tatu: programu inayotakiwa, sababu, na jibu la mwalimu. Ombi la kwanza lilikuwa kwa mwandiko wa kijana yule: "Ya kufungulia video za baiolojia. Sababu: mada ya moyo siielewi." Kwenye safu ya tatu niliandika VLC, programu ya kuchezea video ambayo ni ya bure na leseni yake inaruhusu kuinakili, na Jumamosi nikaiweka kwenye kompyuta zote. Mchana huo wanafunzi 11 walijibana mbele ya skrini moja wakitazama vali za moyo zikifunguka na kufunga, na yeye ndiye aliyeshika kipanya.