Mkono wa Kushoto

"Mjomba, eti nyinyi mlikuwa mnazimiwa injini mkiwa angani?"

Ujumbe uliingia juzi usiku, chini yake picha: kijana kavaa ovaroli mpya ya urubani, kasimama mbele ya helikopta ya H135 yenye injini mbili na skrini badala ya saa zetu za mishale. Ndiyo anayofundishiwa. Nilimjibu kwamba injini haizimwi, inashushwa tu hadi sailensa, kama mafundi wa magari wasemavyo, yaani mwendo wake wa chini kabisa. Akaniambia mkufunzi wake huhesabu kwa sauti, tatu, mbili, moja, kisha ndipo wanaanza zoezi. Sikujua nimwonee wivu au huruma, nikamtakia usiku mwema. Usingizi ukanipaa.

Sisi tulijifunzia Bell 206: injini moja, panga mbili. Majeshi mengi yamepitisha vijana wao humo. Jeshi la majini la Marekani liliiita TH-57, la nchi kavu likaiita TH-67. Sifa yake ni uzito wa panga zile. Zikishashika kasi hazipotezi upesi, kwa hiyo mwanafunzi anapewa nafasi ya kushangaa kidogo kabla ya kuadhibiwa. Kwenye Robinson R22, ambayo panga zake ni nyepesi, nafasi hiyo ni sekunde moja na ushei.

Basi tulikuwa futi 1,000, mimi kiti cha kulia, meja kushoto. Mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuuliza jambo moja kila mara, hata tukiwa tunatembea kwenda kantini: upepo unatoka wapi? Akauliza. Nikatazama chini, nikaona moshi wa moto wa majani ukilalia kulia. "Kushoto kwetu, afande."

Hapo hapo akapunguza mafuta hadi sailensa.

Watu hudhani kitu cha kwanza ni kimya. Si kweli. Kwanza pua ya helikopta iliyumba kushoto, kwa sababu nguvu iliyokuwa ikizungusha panga ilikuwa imeondoka ghafla huku mguu wangu ungali pale pale kwenye pedali ya kushoto. Kisha ikaja honi ya kuonya kwamba mizunguko ya panga imeshuka. Ni honi ya kuudhi, imetengenezwa iudhi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kolektivi, wenzo ulio kando ya kiti kama breki ya mkono ya gari, na kila mshipa mwilini ulitaka kuuvuta juu. Unaanguka, unataka kupanda: ni akili ya kawaida kabisa, nayo ndiyo inayoua. Ukivuta, panga zinaikata hewa kwa pembe kubwa zaidi, zinachoka, zinapunguza mwendo, na zikishapungua kupita kiasi hakuna cha kuzirudisha.

Mkono ukashuka. Nasema "ukashuka" kwa makusudi, maana hadi leo siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyeushusha. Wa meja ulikuwa juu ya wenzo wa upande wake. Mguu wa kulia ukasukuma pedali, honi ikakata, mshale ukarudi kwenye kijani, na sasa hewa inayotoka chini ndiyo iliyokuwa ikizungusha panga. Mhandisi Mhispania Juan de la Cierva alirusha autojiro yake, chombo cha kuruka kinachofanana na helikopta, kwa panga zisizosukumwa na injini mwaka 1923, kwa hiyo jambo lenyewe ni la kale. Tumbo langu tu ndilo lililokuwa halijapata habari.

Nikageukia kushoto, kwenye upepo. Mwendo noti 60, yaani maili 60 za baharini kwa saa. Uwanja wa nyasi ukaja haraka, kwani kutoka urefu ule hadi chini ni nusu dakika hivi. Karibu na ardhi nikainua pua, mwendo ukapungua, nikailaza sawa, na sasa, sasa tu, nikavuta ule wenzo na kutumia nguvu yote iliyobaki kwenye panga. Skidi, zile fito za kutulia chini ya helikopta, zikagusa, tukateleza mita chache, tukasimama.

Mengine yalipita: cheti, vikosi, miaka, kustaafu. Injini haikuwahi kunizimikia kweli. Jeshi la Marekani lilipoanza kuziacha TH-67 na kuhamia helikopta za Lakota zenye injini mbili, wakongwe walilalamika kwamba vijana hawatagusa tena ardhi namna ile. Nilijikuta nikikubaliana nao, kisha nikajiuliza nakubaliana na nini hasa, mimi ambaye sikuwahi kuihitaji.

Kinachonisumbua ni kidogo zaidi. Lile swali la upepo, lilikuwa mtego wa kunipumbaza nitazame pembeni, au alikuwa ananipa jibu kabla ya mtihani? Kuruti hamuulizi meja swali la aina hiyo, na nilipofikia cheo cha kumuuliza tulikuwa tumeshapoteana.

Siku ile hakusifu wala hakukaripia. Alirudisha mafuta, akasema, "Panda." Tulipofika tena futi 1,000 akauliza upepo unatoka wapi. Nikamjibu, nikakaza mkono wa kushoto, nikasubiri. Hakugusa kitu. Turuke, turuke, hadi tukatua kambini kwa injini nzima, mimi bega limekufa ganzi, yeye akinisimulia mechi ya Jumapili.