Kumbukumbu ya mradi wangu: eksirei za Mshtarii, wiki ya sita

Jamaa limeonekana!! Lile doa la eksirei kichwani kwa Mshtarii, nimeliona kwenye kompyuta yangu hapa hapa Wete, saa nane usiku, nikabaki nalitizama tu.

Kwa ambae hakufatilia, mie natumia data za Chandra, darubini ya Marekani iliyorushwa 1999, maana eksirei za huko juu hazipenyi hewa yetu, lazima darubini iwe angani. Data za zamani zipo wazi, yeyote anashusha, nami nikachukua za Disemba 2000, walipoiangalia sayari kama masaa 10.

Wiki mbili nzima nilikuwa napata kitu kama wino uliomwagikia karatasi. Kumbe kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga wa eksirei, imeandikwa pahala ilipoangukia kwa kufata nyota, na Mshtarii haikukaa kitako, masaa yote hayo inasogea, ikabidi kila fotoni niirudishe kwa kiasi sayari ilichokwisha sogea wakati ule. Sehemu hiyo ya programu nimeiandika upya mara tatu, mara moja umeme ukakatika sijasevu, iliniuma sana. Ilipokaa sawa tu wino ukajikusanya, duara likatokea, na karibu na ncha ya kaskazini fotoni zimesongamana kama dagaa walioona karabai.

Nikazihesabu kila dakika 5. Zinapanda, zinashuka, kilima hadi kilima kama dakika 45, vile vile walivyosema wataalamu. Vilima si vingi, Mshtarii inajizungusha chini ya masaa 10 na doa linafichika upande wa pili.

Kinachoninyima usingizi ni zinakotoka. Volkano za Io, mwezi wake, zinatema salfa na oksijeni, kama tani moja kila sekunde inaishia angani, ayoni zake (atomi zilizopoteza elektroni) zinanaswa na usumaku wa sayari, zinaporomokea nchani kwa kasi kubwa mno, zikiingia hewa ya kule zinapora elektroni na hapo ndo eksirei inatoka. Na Io yenyewe nshaiona kwa darubini yangu ndogo uwanjani kwetu, kidoa tu cha mwanga pembeni ya Mshtarii!

Sasa nazitaka data za Julai 2017, XMM-Newton, darubini ya eksirei ya Ulaya, iliangalia masaa 26 huku Juno, chombo cha Marekani cha kuizunguka Mshtarii, ipo kule kule, wataalamu wakakuta pigo la eksirei kila dakika 27 likienda pamoja na mawimbi ya usumaku. Faili zito, nangoja bando la usiku.